Bucha lililonipigia simu nirudishe nyama

Nimechelewa kuandika hii, tukio lenyewe la mwezi uliopita. Nyama nanunua bucha moja maeneo ya Buzuruga hapa Mwanza, jina naliacha, kilo 10,000 mchanganyiko. Nilihamia hapo sababu wanakata kwa msumeno wa umeme, kule nilikotoka ni gogo na shoka, nilichoka kutafuna chenga za mifupa na vijiti kwenye mchuzi.

Sasa jumamosi hiyo nimechukua kilo 2, wageni wako njiani wanatoka Magu, sufuria imeshaanza kutoa povu, simu inaita. Mwenye bucha. "Dada ile nyama mmeshakula? Msile, irudishe nikupe hela yako." Nikajua utani. Kumbe yeye alikuwa msibani, kijana wake alfajiri kapokea paja limeletwa na bodaboda kwa bei ya kutupa, mzee kurudi tu anatafuta muhuri kwenye lile paja, hakuna.

Ule wino wa muhuri unaouona kwenye nyama sio uchafu jamani, wengine mnaukata mnatupa bila kujua ndo uliowalinda. Maana yake mkaguzi kamuona ng'ombe akiwa hai, alivyochinjwa akapasua moyo, ulimi na nyama ya taya kutafuta tegu, akaangalia mapafu na tezi kama kuna TB, maini kama yana minyoo. Paja la bodaboda utajuaje kama alichinjwa au ni kibudu? Na kama kafa kwa kimeta usijidanganye eti nitachemsha sana, mbegu za kile kidudu zinaweza kuvumilia maji yanayochemka.

Basi nikamimina sufuria kwenye ndoo, nikapanda nayo daladala, konda ananinusia tu. Nimerudishiwa 20,000 yangu yote, hakubisha hata neno. Nyama iliyobaki ikamwagiwa mafuta ya taa mbele yetu isije ikaokotwa.

Ila sasa, namba zetu alizitoa wapi? Daftari la madeni! Yani sisi tuliowahi kukopa ndo tuliookolewa, wa keshi siku zote wakaondoka na nyama yao kwenye gazeti hakuna anayewajua. Nilicheka sana, halafu nikaacha, maana kijana alisema kuna mama asiyemjua alibeba kilo 5 za shughuli.

Afrika Kusini mwaka 2018 polony (soseji nene ya kukata vipande) ilipogundulika ina listeria, bakteria wa kwenye chakula, chanzo kilijulikana mpaka kiwanda, pakiti zina jina zikaondolewa madukani, na bado walikufa watu zaidi ya 200. Hapa gazeti la jana utalirudisha kwa nani? Na sio kwamba Mwanza hatujui hizi kazi, Ulaya walivyozuia samaki wa ziwa letu Victoria 1999 viwanda vilinyooka, minofu ya sangara inapimwa na kuandikwa ilikotoka kabla haijapanda ndege. Hiyo ni ya mzungu lakini, ya kwetu inakuja na bodaboda.

Nyota 4. Moja nimeipunguza kwa ajili ya yule kijana, na daftari la wateja wa keshi mpaka leo halijaanzishwa, nimeshauliza mara mbili. Kijana bado yupo kwenye mizani, siku hizi akiniona tu nakuja, hata shikamoo hajatoa, anageuza paja kwenye ndoano ili muhuri uniangalie.