Miezi mitano na sindano za mviringo za mbao: uzoefu wangu

Baridi ilipoanza kupenya dirishani jioni, nilitoa kapu langu la uzi kama ninavyofanya kila mwaka. Safari hii nilibadilisha sindano. Kwa miaka mingi nimefumia zile ndefu za chuma zilizonyooka, zenye kirungu upande mmoja, alizoniachia shangazi yangu. Nilizipenda, lakini kila nikikaribia nusu ya kazi kubwa viganja vilianza kuuma, nami nikaamini kwamba ndivyo kufuma kulivyo.

Nilichonunua ni seti ya sindano za mviringo zinazobadilishwa vichwa. Kuna jozi 8 za vichwa vya mbao, kuanzia milimita 3.5 hadi 8, pamoja na kamba laini za plastiki. Ukishafunga vichwa kwenye kamba unapata sindano ya sentimita 60, 80 au 100, kutegemea kamba uliyochagua. Mfukoni mwake mna vifuniko vidogo vya kuziba ncha za kamba unapotaka kuacha kazi ikisubiri, na kipini chembamba cha chuma cha kukazia viungo. Hicho kipini msikidharau, nitakirudia.

Nilianza na kofia ya binti yangu, nikaingia makosani siku ya kwanza. Karatasi ya uzi ilisema vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, sindano milimita 4. Kichwa chake ni sentimita 54, na kofia inatakiwa iwe ndogo kuliko kichwa ili ishike, kwa hiyo nikaanzisha vitanzi 104. Hesabu ilikuwa sawa. Nilichoruka ni kufuma kipande cha majaribio, kwa sababu mkono wangu naujua. Kumbe mkono niliokuwa naujua ni ule wa sindano za chuma! Kwenye chuma vitanzi huteleza, nami nilizoea kuvuta uzi kwa nguvu visiponyoke. Mbao inashika uzi yenyewe, mkono ukalegea bila mimi kujua. Nilipopima nikakuta vitanzi 19 kwa sentimita 10. Kofia iliteremka mpaka ikamfunika macho, naye akafurahi sana. Nikaifumua yote nikarudia kwa milimita 3.5, ikakaa. Kwa hiyo ukihamia mbao kutoka chuma, fuma kwanza kipande cha majaribio hata kama una uzoefu wa miaka ishirini.

Kofia kwenye sindano hizi ni raha. Unazunguka tu, hakuna kugeuza kazi, na mwisho hakuna mshono wa kuunganisha nyuma. Kipenyo kikipungua kuelekea utosini unaivuta kamba ya sentimita 80 itokeze kitanzi kikubwa pembeni, unafuma nusu ya vitanzi kwanza, kisha nusu nyingine. Mara ya kwanza inachanganya, mara ya tatu mkono unakwenda wenyewe.

Lakini sababu hasa ya kuandika haya ni blanketi. Nilikuwa namfumia mama, upana wa sentimita 120, vitanzi 216 kwenye milimita 5, safu zote za mshono mmoja wa mbele, kwenda na kurudi. Kazi kama hiyo ikifika katikati inakuwa nzito kweli. Kwa zile ndefu za shangazi, uzito wote ule unaning'inia kwenye ncha mbili, na viganja ndivyo vinavyoubeba kila unapoingiza kitanzi. Kwenye sindano ya mviringo blanketi linalala mapajani. Kamba ndiyo inayobeba vitanzi, mikono inabaki na vichwa viwili vifupi tu vya kuchezesha. Nilifuma saa mbili mfululizo, nikanyanyuka bila kukunja uso. Halafu lile blanketi likishafunika magoti linakupasha joto wewe unayelifuma! Na vidole pia: chuma asubuhi ya baridi ni kama kushika bomba la maji, mbao haikunyonyi joto namna ile.

Sasa ubaya. Kiungo cha kichwa na kamba kinafungwa kwa kuzungusha, na mwanzoni nilikaza kwa vidole pekee. Nikiwa kwenye blanketi, safu inakaribia kwisha, nikavuta kazi isogee mbele. Kichwa kikafunguka, kikabaki mkononi. Vitanzi kama ishirini vikaponyoka kutoka kwenye kamba. Moyo ulinishuka. Sufu ina kushikana kwake, haikimbii kama uzi wa plastiki, kwa hiyo havikushuka zaidi ya safu mbili. Niliviokota kimoja kimoja kwa kichwa chembamba cha 3.5, taa ikiwa karibu kabisa na uso. Ilinichukua jioni nzima.

Hapo ndipo kile kipini kinapoingia. Kwenye shingo ya kila kamba kuna tundu dogo. Unapitisha kipini humo, unashika kamba isizunguke, unakaza kichwa kwa mkono mwingine. Tangu nianze kufanya hivyo hakijafunguka tena, ingawa bado nakagua kila nikianza kazi. Baadaye nikagundua faida nyingine ya tundu hilo. Nikipitisha humo uzi mwembamba wa pamba wa rangi tofauti kisha nikafuma safu moja, ule uzi unavutwa wenyewe ndani ya vitanzi vyote na kubaki kama kamba ya usalama. Kitu kikiharibika juu, nafumua mpaka pale tu. Karatasi ya maelekezo haikutaja jambo hili hata kwa neno moja, na ingeniokolea ile jioni.

Kamba zilikuja zimejikunja kama chemchemi. Niliziloweka kwenye maji ya moto dakika chache, nikazinyoosha zikiwa bado na joto, zikatulia. Vichwa vya 3.5 vinapinda kidogo ukivibana, siwezi kumshauri mwenye mkono mzito avitegemee kwa soksi. Tena mbao zake ni za rangi ya kahawia iliyoiva, kwa hiyo ukifuma uzi mweusi au wa bluu nzito usiku, huoni kitanzi kinaanzia wapi. Ncha moja ilikuwa na mkwaruzo uliokuwa ukinasa nyuzi. Niliisugua kwa msasa laini kabisa ikawa sawa.

Anayefuma kwa kasi kubwa ataona mbao inamchelewesha, huyo abaki na chuma, ila achukue cha mviringo. Kwa anayejifunza, kule kushika kwa mbao ni msaada mtupu, kwa sababu kitanzi hakimkimbii kabla hajakiona.

Blanketi lilikwisha wiki iliyopita. Nimelifua kwa maji ya vuguvugu bila kulikamua, nimelitandika juu ya taulo likauke likiwa limelala, maana likitundikwa likiwa na maji litavutika. Kamba ya sentimita 100 imebaki tupu, na tayari nimeshaifunga vichwa vya milimita 6 kwa ajili ya shali yangu mwenyewe.