Jiko la gesi la pleti mbili: moto umetulia hata kwenye upepo

Wadau, nina miezi kadhaa sasa na hili jiko la pleti mbili la kioo, nilichukua Kariakoo kwa chini ya laki, na kilichonifanya niandike ni moto wake. Yaani umetulia. Mi napikia barazani na upepo wa jioni unaingia moja kwa moja, jiko langu la kwanza moto ulikuwa unanyanyuka juu ya kichwa cha jiko (kile kipande chenye matundu ya moto), unalia shwaaa, afu unazima huku gesi inaendelea kutoka, kitu cha hatari sana. Hili moto umeshika palepale kwenye matundu.

Dukani wengi tunaangalia kioo na maua yake, ila mi nashauri mwambie muuzaji akunyanyulie kichwa uone ndani. Gesi inatokea kwenye nozo, kale kashaba kenye kitundu kisichofika hata milimita moja, inatoka kwa kasi na ile kasi ndo inavuta hewa iingie nayo kwenye bomba vichanganyike kabla ya kuwaka. Na hewa inayotakiwa ni nyingi mno, propani lita moja inataka hewa kama lita 24, butani kama 31, na gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa hizo mbili. Sehemu ya hiyo hewa inavutwa na nozo, iliyobaki moto unajichukulia pembeni. Hewa ikipungua moto unakuwa wa njano na sufuria inajaa masizi. Mchanganyiko ukitoka kwa kasi kuliko moto unavyoweza kuufuata, moto unanyanyuka, na ukitoka polepole sana moto unarudi ndani ya bomba, unasikia tu pu!

Hapa ndo jiko hili limenifurahisha. Kichwa ni kizito, cha shaba, na chini ya matundu makubwa kuna mstari wa vitundu vidogo vidogo ambavyo gesi inatoka taratibu, hivyo havizimiki kirahisi, na upepo ukiyumbisha moto mkubwa vyenyewe vinauwasha tena hapohapo. Nikipunguza kwa ajili ya maharage inabaki pete ya bluu, hairudi ndani.

Pleti ndogo ilikuja na moto wa njano upande mmoja. Fundi akakuta nozo imefungwa upande, haijalenga katikati ya bomba kwa hiyo hewa haivutwi vizuri, akaifunga upya ikaisha. Ila fundi akitaka kuchokonoa nozo kwa waya mkatalie kabisa, kitundu kikitanuka gesi inazidi hewa na huwezi kukirudisha. Na wale wa majiko ya mtumba ya Ulaya, mengi yana nozo za gesi asilia ambazo tundu lake ni kubwa zaidi, usiunganishe na mtungi kabla hujabadilishiwa.

Natoa nyota 4 badala ya 5 kwa sababu halina kile kifaa cha kukata gesi moto ukizimika, na nyumba yenye watoto hilo si jambo dogo, kama hela inaruhusu ulizia lenye nacho hata ukiongeza kidogo. Vichwa vya spea vipo hapohapo Kariakoo, nenda na cha zamani mkononi maana saizi zinatofautiana na kikikaa vibaya moto unavujia pembeni.