Kurefusha chasisi ya kichwa cha Scania: tathmini ya karakana moja ya Vingunguti

Vichwa vingi vya Scania, Volvo na DAF, yaani malori yanayovuta tela, vinavyoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam baada ya kutumika Ulaya vina ekseli mbili tu (mihimili inayobeba magurudumu), kwa sababu katika nchi nyingi za huko kichwa cha namna hiyo kikivuta tela la ekseli tatu kinatosha kufikia tani 40 zinazoruhusiwa barabarani. Kwetu hesabu ni nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 10 kwenye ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwenye ekseli mbili zinazofuatana na tani 24 kwenye ekseli tatu. Kwa hiyo kichwa cha ekseli mbili na tela la ekseli tatu hukomea tani 42, lakini ukikiongezea kichwa ekseli moja yenye matairi manne unafika tani 50. Tani hizo 8 ndizo zinazowapeleka wamiliki wa malori kwenye karakana za kurefusha chasisi, nami nilikipeleka kichwa changu cha Scania R420 kwenye mojawapo, iliyoko Vingunguti. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya niliyoyaona si ya kusifia.

Mteja huulizwa kwanza ekseli mpya iwekwe wapi. Ikikaa mbele ya ekseli ya difu, ile ya nyuma inayosukuma gari, mara nyingi chasisi hukatwa katikati, propela shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu hurefushwa au kugawanywa vipande viwili vyenye senta beringi, na pembe za krosi, viungo vya shafti hiyo, zisipopangwa sawasawa gari hutetemeka na krosi huisha mapema. Ikikaa nyuma ya difu, propela haiguswi; fremu huongezwa upande wa mkia, na sahani inayobeba tela husogezwa nyuma ili mzigo ugawanywe kati ya ekseli hizo mbili. Mafundi walinishauri nichague nyuma, na ushauri huo ulikuwa sahihi. Jambo la kuangalia ni kwamba sahani ikibaki mahali pake pa zamani, ekseli mpya husindikiza tu wakati difu inaumia, na ikisogezwa kupita kiasi, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza utii.

Katika kazi ya chuma, karakana hii inastahili sifa bila kusitasita. Boriti ya chasisi ina umbo la herufi C, yaani ukuta uliosimama na mabapa mawili, la juu na la chini, na ni mabapa hayo yanayobeba sehemu kubwa ya nguvu ya kupinda kila gari linapopita kwenye shimo. Fundi asiyejua hilo hukata fremu wima kama anakata mkate, akaunganisha, kisha akatoboa mabapa ili kufunga kipande cha kuimarisha. Ufa utakaotokea baadaye huanzia kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe. Hapa niliona mkato wa mshazari, ambao hausimamishi mshono wote mahali pamoja. Kipande cha kuongezea kilitoka kwenye chasisi ya Scania nyingine iliyovunjwa, yenye unene uleule, badala ya bamba la chuma laini lililokunjwa mtaani. Ndani ya fremu waliweka kipande cha kuimarisha kilichoanzia mbele ya ekseli ya difu, ncha zake zikiwa zimechongwa mshazari ili nguvu isikatike ghafla pale kinapoishia, wakakifunga kwa bolti kupitia matundu ya kiwandani yaliyoko kwenye ukuta. Mabapa hayakuguswa. Vijiti vya kuchomelea vilitolewa kwenye oveni vikiwa vikavu, jambo ambalo karakana nyingi hulipuuza, ingawa unyevu ndani ya kijiti huingiza haidrojeni kwenye mshono na kuuachia nyufa zisizoonekana kwa macho. Kabla ya kuwasha mashine walitenganisha betri na kuchomoa plagi za kompyuta za injini na za breki, kwa kuwa umeme wa kuchomelea ukipita humo gharama yake yaweza kuzidi ya kazi nzima.

Upande wa hewa nao ulikuwa mzuri. Waliongeza tangi la upepo na vali kwa ajili ya breki za ekseli mpya, badala ya kuunga mipira kwenye breki za difu na kuziacha ekseli mbili zigombanie upepo uleule. Kwa kuwa difu ya R420 yangu inakalia springi za upepo, walikataa kuifunga ekseli mpya kwa springi za chuma, ingawa ni rahisi zaidi, wakaniambia kwamba ekseli mbili zenye springi za aina tofauti haziwezi kugawana mzigo kwa haki. Walinitoza zaidi kwa hilo, na nililipa kwa roho safi.

Kasoro iko kwenye vipimo. Ekseli iliyoongezwa lazima iwe sambamba kabisa na ile ya difu, na kuthibitisha hivyo kunahitaji kupima mshazari kutoka alama moja ya mbele hadi kila upande wa ekseli, kwa vifaa vya alaimenti, yaani vya kupima unyoofu wa magurudumu, vinavyofaa malori. Hapa kipimo ni kamba na tepu. Safari ya kwanza ya Tunduma, mpakani na Zambia, ilitosha kuonyesha matokeo: matairi ya ekseli mpya yalirudi yameliwa upande mmoja, huku dereva akilalamika kwamba gari linavuta kushoto. Nilipolirudisha, kwanza walilaumu matairi, kisha wakapima upya na kurekebisha bila malipo, lakini matairi niliyoyapoteza yalikuwa hasara yangu.

Hawakunitahadharisha pia kuhusu uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kichwa kilichotengenezwa kwa ajili ya barabara tambarare za Ulaya na tani 40 mara nyingi huwa na difu ya mwendo mrefu, ambayo propela yake huzunguka mara chache zaidi na kupunguza mafuta huko, lakini ukikibebesha tani 50 na kukipandisha mlima mkali wa Kitonga, klachi ndiyo inayolipa. Karakana inayouza tani inapaswa kumwambia mteja ni nani atakayezivuta.

Rangi, bampa na taa za ziada zilifanywa vizuri, na sina la kuongeza. Wamarekani huyarefusha malori yao ya Peterbilt kwa ajili ya urembo tu, hata umbali kati ya magurudumu ukapita mita 7. Kwetu kila sentimita inapaswa kurudisha fedha yake.

Kuhusu nyaraka, mteja ajitegemee. Kadi ya gari inayotolewa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, inaonyesha idadi ya ekseli na uzito, na gari lenye ekseli tatu lenye kadi ya ekseli mbili huleta maswali barabarani na kwa kampuni ya bima. Karakana haitoi mchoro wala maelezo ya kazi iliyofanyika, na dhamana yao ni ya mdomo. Nilipowaomba waiandike kwenye risiti waliandika, kwa hiyo ombeni. Namba ya chasisi, ambayo kwenye magari haya imegongwa sehemu ya mbele ya fremu, haikuguswa, na kila mteja ailinde hivyohivyo.

Aliye tayari na kichwa cha ekseli mbili chenye injini nzima atapata hapa mshono wa kuaminika, ila asilipe salio kabla ya kukipeleka kwingine kikapimwe alaimenti. Ambaye bado hajanunua afanye hesabu upya. Uingereza inaruhusu tani 44 kwenye ekseli sita tangu mwaka 2001, na kwa sababu hiyo vichwa vya ekseli tatu vyenye usukani wa kulia ni vingi kwenye soko lake la magari yaliyotumika. Ekseli ya tatu ya vichwa hivyo wakati mwingine ina matairi mawili tu, kwa hiyo huenda visifikie tani 50 zote, lakini fremu yake imetoka kiwandani hivyo na kadi yake haina la kueleza. Lori langu la pili litakuwa la aina hiyo.