Cherehani ya miguu, vitenge vya mjini na mashuka ya Mlango Mmoja: uzoefu wangu

Magauni yangu siku hizi nashona mwenyewe, nyumbani hapa Mwanza, na swali ninaloulizwa sana ni kama inalipa. Inalipa, ila si kwa sababu ya cherehani. Cherehani unanunua mara moja yanaisha. Hela inaokolewa au inateketea kwenye vitambaa, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Cherehani yenyewe ni ile nyeusi ya miguu, ya meza ya mbao na stendi ya chuma. Ya umeme ya plastiki niliiangalia nikaiacha. Umeme ukikatika ya miguu inaendelea, halafu ikiharibika kila fundi wa cherehani anaijua na spea zipo kila kona. Inashona mshono wa kunyooka tu, mbele na nyuma, hakuna zigizaga. Kwa kitenge, khanga na shuka inatosha kabisa. Kwa vitambaa vya kuvutika usijisumbue, itakutesa. Na kama unakaa milimani, Mabatini kwa mfano, kwenye bajeti weka na hela ya vijana wa kuipandisha: kichwa peke yake, stendi peke yake, na ile stendi si mchezo kwenye njia ya mawe.

Lalamiko langu ni dukani, sitalitaja jina. Waliijaribu mbele yangu kwa kipande cha jinzi, ikashona vizuri mno. Nyumbani nikaweka kitambaa chepesi, ikawa inaruka mishono. Kurudi, naambiwa, "Mama, mashine ikishatoka hapa ni yako." Fundi wa mtaani kwetu aliilegeza hapa akaikaza pale, ikatulia mpaka leo. Ukienda kununua beba vipande vyako mwenyewe, kizito na chepesi, na uwaambie washone vyote. Sindano namba 14 ni ya kitenge, 11 ya kitambaa laini. Mafuta ni ya cherehani, si ya kupikia. Ya kupikia yanaganda ndani mashine inakuwa nzito. Mkanda wa ngozi ukilegea, unakata kidogo unaunga tena kwa waya wake.

Sasa vitenge. Maduka ya katikati ya mji na wale wa Makoroboi wanauza kwa pisi, yadi sita. Mimi gauni la kawaida linanila yadi tatu na nusu hivi, likiwa na mikono mikubwa, yadi nne. Kinachobaki hakitoshi gauni, na kwa sketi ya maana nacho ni cha kubania. Ndiyo maana wanawake wengi tunaoshona tuna sanduku limejaa mabaki ya yadi mbili mbili ambayo hatuyatupi wala hatuyashoni. Dada yangu husema kitambaa hakiozi. Hakiozi, lakini hela imelala mle. Dawa niliyoipata ni kugawana: mimi na jirani yangu tunachagua pisi moja, tunaikata katikati pale pale dukani. Yadi tatu kila mmoja, unabana mikono, gauni linatoka. Ubaya wake mtakutana kanisani mmefanana, lakini huku kwetu hilo watu wanaliona ni sare.

Kitenge kizuri na kibaya vikiwa vimekunjwa kwenye shelfu vinafanana. Geuza nyuma kwanza. Kitenge cha waksi ya kweli rangi yake inapita pande zote mbili, huwezi kujua ipi ni mbele. Kilichochapwa upande mmoja nyuma kimepauka. Kisha shika pembe, ikunje, isugue yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu kati ya vidole. Kama kimejazwa wanga, unga mweupe unabaki kwenye vidole na ile sehemu uliyosugua inalegea, inakuwa na vijitundu kama chandarua. Hivyo ndivyo kitenge chote kitakavyokuwa baada ya kufuliwa. Wauzaji wengine hawapendi. Kijana mmoja aliniambia, "Sugua mama, ila usinitolee unga wote, na wenzako wauziwe." Tulicheka na nikanunua kingine kwake, maana angalau huyo hakunidanganya.

Kitambaa cha mita, krepu, satini, tetroni na hizi zinazoitwa "pamba laini", hapo kuna mambo mawili. Kwanza uliza, "Kaka, unapima mita au yadi?" Yadi ni sentimita 91 na kidogo. Kwenye mita tatu tofauti inafika sentimita 26, yaani mkono mzima wa gauni umeuacha dukani. Pili, neno pamba lisikutoshe. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni mwa jora, ziwashie kiberiti nje ya duka. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu linalopukutika ukiligusa. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kijidonge cheusi kigumu. Kwa jua letu la saa nane mchana, tofauti ya hivyo viwili utaijua ukiwa ndani ya daladala ya Buzuruga umebanwa katikati ya watu. Na inauma kidogo: tumezungukwa na mashamba ya pamba, Magu, Kwimba mpaka Simiyu, hata timu ya mji inaitwa Pamba, lakini kitambaa cha pamba tupu unakitafuta kwa tochi. Pamba yetu nyingi inauzwa nje kabla haijawa kitambaa.

Kwa hiyo nimehamia kwenye mashuka ya mitumba, na hapa sina unafiki, ndiyo pendekezo langu la kwanza kwa mtu yeyote anayeanza kushona. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi wanapofungua belo. Shuka la kitanda kikubwa likiwa na mita mbili na robo kwa mbili na nusu, eneo lake halipishani sana na pisi ya kitenge. Mimi la mwisho nilichukua kwa 5,000, pamba tupu, lebo bado iko kwenye pindo. Na limeshafuliwa huko lilikotoka mara nyingi, kwa hiyo lilishamaliza kurudi, yaani kusinyaa. Kitenge kipya au kitambaa cha jora lazima ukiloweke usiku na kukianika kabla ya kukata, la sivyo gauni linarudi likishashonwa.

Ila shuka linahitaji jicho. Liinue kwenye jua ulitazame kwa ndani. Pale katikati, watu walipolalia, nyuzi zimechakaa na mwanga unapita zaidi kuliko pembeni. Likiwa limechoka sana liache. Likiwa limechoka kidogo tu, kata kifua na mgongo kwenye upande wa miguuni ambako halikuguswa, na sehemu ya katikati iwe bitana au mifuko. Mapazia nayo mazuri kwa sketi, lakini angalia mikunjo: jua la dirishani linachuja rangi kwa mistari, na ile mistari haitoki kwa sabuni yoyote.

Vitambaa vya mtandaoni kutoka Kariakoo nimejaribu. Mzigo unafika kwa basi bila shida, ila rangi ya kwenye simu na ya kwenye mkono ni ndugu wa mbali. Lesi ya harusi labda, tena umwombe muuzaji akupigie picha nje, juani.

Kwenye uzi usibane hela. Vuta ule uliotaka kununua kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, utakatika pia kwenye mshono wa kwapa siku umeinua mkono kushika bomba la daladala.

Bado kuna vitu sishoni. Sare za shule za watoto nanunua zilizoshonwa, kwa sababu marinda ya tetroni yanataka pasi na subira ambavyo sina. Suruali za mzee wa nyumba zinaenda kwa fundi, na fundi huyo ndiye anayenipigia overloki kingo za magauni yangu zisifumuke, kwa hiyo hajaninunia.