Samaki wa Mississippi na Louisiana Mezani Moshi

Mgahawa mmoja wa mjini Moshi unaopika vyakula vya majimbo ya kusini mwa Marekani unastahili kutembelewa, hasa kwa ajili ya kambale wake. Huko Mississippi, ambako kambale hufugwa kwa wingi mabwawani, minofu yake hupakwa unga wa mahindi wenye viungo na kukaangwa katika mafuta mengi. Hapa samaki, kwa maelezo ya mhudumu, hutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, na ganda lake lilikuwa kavu, lenye pilipili ya kutosha, bila ile harufu ya tope inayowafanya wengi wamkwepe kambale.

Mchuzi mzito wa Louisiana uitwao gambo, wenye bamia na kamba, haukunishawishi. Msingi wake ni unga wa ngano unaokaangwa polepole katika mafuta hadi ugeuke kahawia, kazi isiyotaka haraka, lakini huu ulikuwa bado mweupe, na ladha ya unga mbichi ilibaki mdomoni. Kamba wenyewe, walioletwa na barafu kutoka Tanga, walipikwa kupita kiasi hadi wakakakamaa. Chenga za mahindi zilizopikwa kwa maziwa na jibini ziliniridhisha zaidi, ingawa mla ugali ataziita uji mzito, nami sitabishana naye.

Wahudumu ni wenye adabu, ila chakula huchelewa. Kambale ni shilingi 22,000, bei ninayoikubali; gambo ni 30,000, na kwa hali yake ya sasa sitaiagiza tena.