The Callisto Protocol: Damu Tele, Taharuki Haba

Mchezo wa The Callisto Protocol ulitoka tarehe 2 Desemba 2022 ukiwa umesubiriwa kwa hamu kubwa, kwani aliyeuongoza, Glen Schofield, ni mmoja wa waliobuni Dead Space ya mwaka 2008, ambayo mpaka leo wapenzi wa gemu za kutisha huitaja kwa heshima. Nimeucheza kwenye PlayStation 4 katika chumba kimoja cha gemu mtaani Langoni, hapa Lamu, ambako kwa kawaida vijana hulipia kucheza mpira, na nimeumaliza nikiwa nimeshtuka mara nyingi na kuogopa mara chache sana. Mambo hayo mawili hayafanani. Kushtuka ni kazi ya sekunde moja, lakini taharuki ni ile hali ya kujua kwamba jambo baya laja bila ya kujua litatokea wapi, lini, wala litakugharimu nini.

Kisa chenyewe si kibaya. Jacob Lee, rubani wa chombo cha mizigo, anaanguka katika Callisto, mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii, mwaka 2320, kisha anatiwa katika gereza la Black Iron bila kuelezwa kosa lake, na muda si muda maradhi yanawageuza waliomo gerezani kuwa mazimwi. Picha ni za hali ya juu mno: jasho usoni, kutu kwenye vyuma, mvuke unaofuka kutoka kwenye mabomba, na afya ya Jacob inayosomwa kwenye taa ndogo iliyopachikwa shingoni mwake. Kwa upande wa macho sina la kulalamikia.

Tatizo linaanza pale zimwi la kwanza linapokukabili. Unashikilia kifimbo cha pedi kushoto au kulia, na Jacob anakwepa; wala huhitaji kulenga wakati, kwa kuwa ukishashikilia kabla ya pigo, pigo litapita. Likija la pili unahamia upande wa pili, la tatu unarudi ulikotoka, halafu unajibu kwa rungu. Kushoto, kulia, kushoto, rungu. Baada ya saa moja mikono inafanya kazi hiyo yenyewe, na zimwi ambalo mtu anaweza kulipiga huku akizungumza na jirani yake halina tena la kumtisha. Mpango huu, isitoshe, umeundwa kwa pambano la mmoja kwa mmoja. Wakija watatu kwa pamoja unapigwa kisogoni na usiyemwona, na hapo kinachokupata ni hasira. Glavu inayovuta maadui na kuwarusha inafurahisha kuitumia, lakini nayo imeleta hasara yake, kwa sababu kila panapokaribia pambano pamewekwa ukuta wenye misumari mirefu au feni kubwa ya kusagia watu. Ukiuona ukuta huo umekwisha kuarifiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwenye masanduku na makabati. Mara ya kwanza unapofungua kabati na kijidudu kikakurukia usoni, unaruka kitini kweli. Lakini hila hiyo inarudiwa, na dawa yake ni ile ile, kubonyeza kitufe kimoja kwa kasi. Nilikuwa na watazamaji nyuma yangu, vijana waliokuwa wakingojea zamu yao, na haukupita muda mrefu wakaanza kutabiri. "Huyo yuwaya!" mmoja alipaza sauti kabla sijagusa mlango wa kabati, na kweli akaja, chumba kizima kikacheka. Sijui kama kuna hukumu kali kuliko hiyo kwa gemu ya kutisha.

Anayepita usiku kwenye vichochoro vya Mkomani husikia kwato za punda kabla ya kumwona punda mwenyewe, na kwa kuwa kuta za mawe hurudisha mwangwi, hawezi kuamua kama mnyama yuko mbele au nyuma; basi husimama, hutega sikio, huchagua pa kujibanza. Gemu ya Alien: Isolation ya mwaka 2014, kazi ya kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza, imejengwa juu ya hali hiyo. Humo adui mkuu hauawi, na hafuati njia moja iliyopangwa. Sehemu moja ya programu inajua ulipo na humdokezea kiumbe eneo la kutafuta, ilhali kiumbe mwenyewe hutegemea macho na masikio yake kukupata. Hata kifaa chako cha kumfuatilia hutoa mlio anaoweza kuusikia, kwa hiyo kila ukitaka habari unahatarisha maisha yako. Callisto haikuwekei uamuzi wa namna hiyo. Kuna sehemu yenye mazimwi vipofu yanayowinda kwa sauti, nikadhani hatimaye mambo yameiva, lakini unaweza kumchoma kisu mmoja akapiga kelele na mwenzake aliye hatua chache pembeni asigeuke.

Halafu kuna suala la kifo. Watengenezaji wametumia nguvu nyingi kuonyesha jinsi Jacob anavyopasuliwa na kung'olewa viungo, nami mara ya kwanza niligeuza uso. Baadaye nilikuwa nikingoja tu tamasha liishe, kwa sababu ukifa unarudishwa nyuma kidogo na hasara yako ni dakika chache. Katika Resident Evil ya mwaka 1996 kuhifadhi mchezo kulihitaji utepe wa wino, na tepe zilikuwa za kuhesabika, hivyo kila ukumbi uliouvuka kabla ya kuhifadhi ulikuwa mali inayoweza kupotea. Katika Alien: Isolation unaweza hata kuuawa ukiwa umesimama unasubiri mchezo uhifadhiwe. Damu haikuhitajika kwa wingi, maana mchezaji alikuwa na kitu cha kupoteza.

Kuongeza kiwango cha ugumu hakusaidii. Mazimwi yanapiga kwa nguvu zaidi, lakini kushoto na kulia ni kule kule, na adui mkubwa mwenye vichwa viwili anayerudi mara kadhaa anashindwa kwa mbinu ile ile.

Anayependa picha nzuri na mapigano ya karibu atapata burudani ya kutosha wikendi mbili, na kwa huyo namshauri atafute diski iliyotumika, aimalize na kuiuza, kuliko kuteketeza bando kupakua makumi ya gigabaiti. Anayetaka kuogopa kweli atie Alien: Isolation, avae spika za masikioni, na asimruhusu mtu kukaa nyuma yake.