Uzoefu wangu wa kupanga kadi za Anki ili misingi itangulie magonjwa

Ninasomea stashahada ya utabibu hapa Mtwara, na kwa sehemu kubwa ya masomo yangu nimetumia Anki, programu ya kadi za maswali na majibu ambayo Damien Elmes aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Uwezo wake wa kurudisha kadi pale unapokaribia kuisahau unajulikana na umeshasifiwa vya kutosha. Mimi nataka kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi wa afya hulipita, nalo ni mfuatano wa kadi mpya, yaani ni kadi ipi unakutana nayo kwanza kabla kumbukumbu yoyote haijajengeka.

Kwa mazingira yetu programu yenyewe inafaa sana. Kwenye kompyuta na kwenye simu za Android hailipiwi, na kadi zikishaingia kwenye simu hazihitaji bando, hivyo hata umeme ukikatika jioni nzima unaendelea kusoma maadamu simu ina chaji. Wenye iPhone ndio wanaolazimika kununua toleo lao kwa dola 24.99 za Marekani, kiasi ambacho kwa mwanafunzi si kidogo.

Kasoro niliyokutana nayo ilitokana na fungu la kadi nililopakua, ambalo liliandaliwa na wanafunzi wa nje kwa ajili ya mitihani yao na ambalo sina haja ya kulitaja. Kadi zake ni nzuri zikisomwa moja moja, lakini zimepangwa kwa jinsi waandaaji walivyoziongeza, si kwa jinsi mtu anavyojifunza. Kadi ya mwanzo kabisa kuhusu figo iliuliza kwa nini mgonjwa anayetumia furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, hupungukiwa potasiamu. Jibu lake linaeleweka vizuri ukishajua nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo vyenye mirija inayotengeneza mkojo: dawa huzuia ufyonzwaji wa sodiamu kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, sehemu ya mrija huo iliyopinda, sodiamu nyingi hufika sehemu za mwisho za nefroni, na huko hufyonzwa huku potasiamu ikitolewa kwenye mkojo. Bila picha hiyo, mwanafunzi anabaki na maneno mawili, furosemaidi na potasiamu, ambayo ameyafunga pamoja kwa nguvu ya kukariri tu, na swali likigeuzwa kidogo anakwama. Kadi za nefroni zilikuwemo katika fungu hilohilo, ila zilikuwa nyuma kwa maelfu ya nafasi, na kwa kasi ya kadi mpya 20 kwa siku, ambayo ndiyo Anki huanza nayo isipobadilishwa, ningezifikia baada ya miezi mingi.

Hapa ni muhimu kuelewa kwamba programu haijui kadi ipi ni ya msingi na ipi ni ya juu. Kila kadi mpya ina namba ya nafasi, na kwa kawaida programu hufuata namba hizo au mpangilio wa mafungu, kutegemea ulivyochagua kwenye mipangilio. Hata FSRS, kanuni mpya ya kupanga marudio iliyoingizwa mwaka 2023, hukokotoa kutokana na majibu yako tu na haisomi maudhui ya kadi. Kazi ya kutanguliza misingi, basi, ni ya mwenye kadi mwenyewe.

Nilianza kwa kubadilisha namba za nafasi, jambo linalofanyika kwenye dirisha la kuvinjari kadi: unachagua kadi unazozitaka, kisha unaamuru zianzie namba fulani na nyingine zisogee nyuma. Njia hii inafanya kazi, lakini kwa fungu kubwa inachosha, kwa sababu kila somo jipya linapoingizwa hesabu ya nafasi inabidi ifikiriwe upya. Iliyonifaa zaidi ni kugawa fungu kuu katika mafungu madogo na kuyapa majina yanayoanza na namba: 01 muundo wa mwili, 02 utendaji wa mwili, 03 vimelea na kinga, 04 magonjwa, 05 dawa. Sifuri ya mwanzo si pambo, kwa kuwa bila hiyo fungu la 10 linaweza kupangwa kabla ya la 2. Baada ya hapo nilichagua kadi mpya zikusanywe kwa kufuata mafungu, na nikawa nafungua fungu kuu badala ya kuingia kwenye madogo, maana mpangilio unaotumika ni wa fungu lile ulilolibonyeza.

Hata hivyo, kumaliza anatomia yote kabla ya kugusa ugonjwa wowote kunachosha, tena hakuendani na ratiba ya chuo. Kwa hiyo niliongeza hatua ya pili: nilisimamisha kadi zote, kisha nikawa naziachia kwa mada kwa kutumia lebo. Wiki ya figo ninaachia nefroni, vipimo vya figo, magonjwa ya figo na dawa za kuongeza mkojo, na ndani ya mada hiyo namba za mafungu ndizo zinazohakikisha nefroni inatangulia furosemaidi. Mchanganyiko huu wa lebo na mafungu yenye namba ndio ninaoupendekeza kuliko njia nyingine zote nilizojaribu.

Faida yake niliiona zaidi kwenye malaria, ugonjwa ambao katika wodi za huku kusini hatuwezi kuusoma kwa juujuu. Fungu la nje lilikuwa na kadi chache mno za malaria, kwa hiyo nyingi niliziandika mwenyewe nikizipanga hatua kwa hatua: kwanza seli nyekundu ya damu, kisha safari ya kimelea kutoka kwa mbu hadi kwenye ini na kutoka kwenye ini hadi kwenye damu, kisha upungufu wa damu na malaria ya ubongo, na mwisho matibabu. Mtu aliyefuata njia hiyo akifika kwenye kadi ya dawa ya mseto hashangai kusikia kwamba dozi sita hugawanywa kwa siku tatu, na akikutana na sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, anaelewa kwa nini mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo badala ya 2.4: kwa dozi ileile kwa kilo, mwili wa mtoto mdogo hupata kiwango cha chini zaidi cha dawa kwenye damu.

Mwenzangu mmoja kutoka Newala hakubaliani nami. Yeye huziacha kadi zije bila mpangilio, kwa hoja kwamba mgonjwa haji hospitalini kwa kufuata sura za kitabu. Hoja yake ina uzito, lakini kwa maoni yangu inahusu marudio, na kwenye marudio Anki huchanganya mada zote bila kuombwa. Mfuatano ninaouzungumzia unahusu siku ya kwanza ya kuiona kadi. Kadi ikishajibiwa, namba yake ya nafasi haina kazi tena.

Kwa asiye na kompyuta, kubadili majina ya mafungu na kusimamisha kadi kunawezekana kwenye simu ya Android. Programu jalizi hazifanyi kazi kwenye simu, na kushughulikia lebo nyingi kwenye kioo kidogo kunachukua muda, kwa hiyo ningeshauri kuazima kompyuta ya rafiki kwa jioni moja, kupanga fungu lote, kisha kulihamishia kwenye simu pale penye intaneti ya kutosha, kwa sababu picha za fungu kubwa zinaweza kumaliza bando kabla kadi zote hazijaingia.